Siku Mama Mkwe Alipopanda Gari Langu la Wazi

Jamani, mvua ya leo imenikumbusha mama mkwe!

Miaka ya themanini nilinunua gari kuukuu la michezo, lenye paa la turubai, kwa Mtaliano mmoja hapa Malindi. Mama mkwe hakulitaka.

"Mtu mzima na gari lisilo na paa!"

Siku ya harusi ya mpwa wake Kilifi, alikosa usafiri mwingine. Akapanda langu.

Karibu na Bofa, mvua ikamwagika. Nikavuta turubai.

Likachanika!

Tukafika tumerowa chapachapa. Mimi sikuweza hata kumtazama.

Jioni shemeji zake wakamwita kwenye gari lao lenye paa.

"Ahsanteni," akasema. "Nimekuja na mwanangu, nitarudi naye."

Mwanangu! Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Wakwe zenu wamewahi kuwashangaza?