Kikombe cha Wageni

Watiri hakuwa na maringo, na hilo ndilo lililompatia wasomaji. Kuna watu wakishafungua blogu wanaanza kukuhutubia kana kwamba hujalipa ada ya shule yao. Watiri aliandika kama jirani aliyekuja kuomba chumvi akasahau kurudi kwake. Aliandika juu ya chapati zilizokataa kulainika, juu ya nguo zinazokaa kwenye kamba siku tatu mwezi wa saba pale Nyeri na bado unazivaa zikiwa na unyevu, juu ya mchumba aliyepanda kilima cha kwao mara moja tu, akahema, akashuka, na simu yake haikupatikana tena. Ukimwandikia, anakujibu. Hata wale wa matusi aliwajibu, akawauliza wameshindaje.

Kazi iliyomweka mjini ilikuwa ya kutoa nakala na kuchapa barua za watu katika kibanda kimoja karibu na soko. Wateja walimzoea: mkono mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye simu, anacheka peke yake. Ukimuuliza siri ya kupendwa na watu asiowajua, alikuambia hakuna siri, ni kuongea na msomaji kama mtu mliyekaa naye jikoni. Ni maneno mazuri hayo. Ila jikoni alikowakaribisha watu hakukuwa kwake. Kulikuwa kwa mama yake.

Mama huyo ni Wakiuru, mjane wa huko juu ya Othaya, mwenye kipande cha majani chai, ng'ombe mmoja mkaidi, na ugonjwa wa sukari. Watiri alipewa jina la mama mzazi wa Wakiuru, kama desturi ilivyo, kwa hiyo tangu azaliwe mama yake humwita “maitu”, yaani mama yangu. Na yeye Watiri humwita mama yake vivyo hivyo. Basi ukiwasikia kwenye simu saa moja jioni, mama huku na mama kule, hujui nani alimzaa nani. Wakiuru alikuwa anamwaga habari zote za siku: ng'ombe amempiga teke nani, kwaya imeharibu wimbo gani, daktari wa kliniki amemgombeza kwa nini, naye amemdanganya vipi. Watiri anasikiliza, anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Kesho yake nusu ya mambo hayo yako kwenye blogu.

Hakumtaja jina hata siku moja, tusimsingizie. Aliandika “mama yangu” tu. Lakini watu walimpenda huyo mama kuliko mwenye blogu. Wa Kiriaini wakauliza mama ameamkaje, wa Kiganjo wakauliza ng'ombe ameacha ukaidi, mwingine aliye Dubai akasema akisoma habari za mama huyo anasikia harufu ya kwao. Wakiuru mwenyewe alijua binti yake “anaandika vitu kwa simu”. Aliwahi kumuuliza ni vitu gani. Akajibiwa ni mambo ya kawaida tu, maitu. Akaridhika.

Sasa, mwezi wa nne kulikuwa na ibada ndefu ya akina mama kanisani. Sukari ikikukamata, kibofu hakina subira, na Wakiuru alikuwa amekaa katikati ya benchi, magoti ya watu huku na huku. Alipoona kwamba kutoka amechelewa, na mambo yamekwisha kuharibika, alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akaifungua, akajimwagia yote mapajani. Kisha akalalamika kwa sauti kwamba mikono imezeeka, ona sasa alivyojimwagia. Wenzake wakampa pole, wakamkausha kwa leso, maombi yakaendelea. Ujanja wa namna hiyo mimi nauvulia kofia. Jioni alimsimulia Watiri, wakacheka wote wawili mpaka wakalia, na mwisho akasema, “Ni wewe tu nimeambia.”

Lakini Wakiuru husema hivyo kwa kila kitu. Ni wewe tu nimeambia kuku ametaga chini ya kitanda. Ni wewe tu nimeambia nimekula andazi. Watiri aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia “haya, lala salama”. Akakaa chini akaiandika hadithi ile, akaiita Chupa ya Maji, akaiandika kwa mapenzi hasa, bila dharau hata chembe. Hakuna nyingine kabla yake iliyosomwa na watu kiasi kile. Wanawake wazima walijitokeza wakasema hata mimi. Hata mama yangu. Hata mimi nilipojifungua wa tatu. Watiri alikaa siku tatu akiwajibu mmoja mmoja.

Siku ya nne alikuja kibandani Dipti, ambaye familia yao ina duka la vitambaa pale mjini. Hawakuwa wamewahi kuongea zaidi ya habari ya asubuhi. Dipti alimwambia kwamba mama mkwe wake, Lilavati, alikuwa hajatoka nje ya nyumba karibu miaka miwili, kila mara kichwa, kila mara miguu, na kumbe shida ilikuwa hiyo hiyo ya kwenye benchi. Walimsomea Chupa ya Maji, mama mkwe akacheka, kisha akaomba asomewe tena. Juma lile alienda hekaluni, na chupa yake ya maji mkononi. Dipti alimshika Watiri mikono yote miwili. Sasa wewe nenda kamwambie msichana huyo kwamba alikosea.

Yaliyotokea kule juu aliyajua baadaye, kutoka kwa binamu yake Waithira, ambaye alikuwepo. Lori la kiwanda lilichelewa, wachumaji wakawa wamekaa kwenye kituo cha majani chai, vikapu vimejaa, mvua inatishia. Msichana mmoja aliyeolewa pale juzijuzi, hajui vizuri watu, akatoa simu akasema atawasomea kitu cha kuwachangamsha. Akaanza na habari ya ng'ombe. Wanawake wakacheka, na aliyecheka kuwashinda wote ni Wakiuru. Akasema huyo mama anafanana naye kabisa, mpaka na ng'ombe wake. Msichana akaona amepata wasikilizaji, akaendelea na Chupa ya Maji.

Waithira alisema Wakiuru aliendelea kucheka kidogo hata baada ya benchi kutajwa, kama mtu ambaye miguu imesimama lakini mwili bado unaenda. Halafu akainama, akaanza kuchambua majani yake ambayo alikuwa ameshayachambua. Hakuna aliyemtazama. Karibu wote walikuwa kanisani ile siku, na waliompa leso walikuwepo. Walitazama vikapu vyao, wakatazama barabara, wakasema lori limechelewa leo. Kwa namna walivyomkwepa kwa macho, alijua kwamba wamejua.

Kama wangemcheka, angewajibu, maana Wakiuru mdomo anao. Ila hawakumcheka. Jumapili iliyofuata alipofika kanisani alikuta mahali pake pa siku zote mtu amemwekea leso, imekunjwa vizuri mara nne, ya kukalia. Alikaa kando ya leso ile wimbo mmoja mzima. Kisha akachukua Biblia yake akatoka, na hakurudi tena.

Watiri aliifuta hadithi siku ile ile aliyoambiwa. Kufuta kwenyewe ni nini? Ilikuwa imeshanakiliwa, imeshatumwa kwenye makundi ya simu, mwingine ameisoma kwa sauti na kuiwekea muziki. Alipiga simu nyumbani, simu ikapokewa, akaambiwa kwamba nyumbani ni kuzuri, ng'ombe ni mzima, asante kwa kupiga. Dakika moja haikuisha. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Mama aliyekuwa anamsimulia mpaka ndoto zake sasa alikuwa anaongea kama tangazo la redio.

Jumamosi akaenda. Nyumba ile ina milango miwili, na tangu zamani watu wa nyumbani huingilia jikoni. Watiri akazunguka nyuma kama kawaida yake, akakuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani. Mama yake akamfungulia wa mbele.

Aliketishwa sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na kitambaa chenyewe kikanyooshwa kwanza. Jikoni, kwenye msumari, kilining'inia kikombe chake cha bati, cha kijani, kilichobanduka ukingoni, alichonywea tangu darasa la tatu. Alikiona kupitia mlango wa ndani uliokuwa wazi kidogo. Lakini chai ililetwa kwenye kikombe cha maua chenye kisosi chake, kutoka kabatini, vile vya mchungaji, vile vilivyotoka mara ya mwisho wakwe walipokuja kuleta mahari ya dada yake. Wakiuru akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

“Unaweka sukari ngapi?” akauliza. Kwa Kiswahili.

Miaka thelathini na moja mtu anakunywa chai ya mama yake, na leo anaulizwa sukari. Watiri alijibu kwa Kikuyu kwamba unajua, maitu, unajua ninavyokunywa. Mama yake akasubiri tu na kijiko mkononi, kwa adabu, mpaka aliposema viwili.

Akaomba msamaha. Alikuwa ameupanga njiani, ukamtoka ovyo ovyo, machozi ndani yake. Alieleza kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba hakutaja jina, kwamba yuko mama mmoja mjini aliyekuwa hatoki nyumbani na sasa anatoka. Wakiuru alisikiliza yote. Akasema ni vizuri, amefurahi kwa huyo mama. Akauliza kama chai imepoa, amwongezee ya moto.

“Maitu, ongea na mimi basi,” Watiri akasema, bado kwa Kikuyu. “Nigombeze.”

“Si naongea?” Wakiuru akajibu. “Nakuongelesha na ile lugha unaandikia watu, ndio usipate taabu ya kugeuza.”

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililommaliza Watiri nguvu. Ukali angeupokea. Alikuwa amezoea kujibu kila mtu, ana neno la kila msomaji, wa matanga, wa talaka, wa mtoto aliyekataa shule, na sasa mbele ya mtu mmoja aliyemzaa akainua kikombe cha maua. Akanywa chai.

Hapo ndipo alipouona mguu. Wakiuru alipoinuka kuchukua chupa ya chai, mguu wa kulia haukukanyaga sawasawa. Alikuwa amevaa kandambili, na dole gumba limefungwa kwa kitambaa, na kitambaa kina doa la kahawia. Mtu wa sukari na kidonda cha mguuni ni jambo ambalo Watiri alikuwa ameliandikia wasomaji wake mara mbili, na maelezo yote: usikae nacho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Akaweka kikombe kwenye kisosi. Akauliza mguu umefanya nini.

“Mguu iko sawa.”

Akauliza kama ameenda kliniki. Akajibiwa kliniki iko sawa. Akaomba akione kidonda. Wakiuru akavuta miguu chini ya kiti, akateremsha sketi, akamuuliza habari za kazi mjini na kama mvua imefika. Waithira alikuwa ameshamwambia kwamba hata yeye haambiwi tena, kwamba kliniki walikuwa wanaenda pamoja na sasa shangazi anasema ataenda siku nyingine. Huyu mama alikuwa amejifunza kwamba mwili wake ukitajwa kwa mtu mmoja, umetajwa kwa wote, basi ameamua hautatajwa. Watiri angemlazimisha vipi? Angemwapia kwamba hataandika? Alimwapia. Wakiuru akasema, “Sawa, mama,” lile “mama” la kumwambia mtu yeyote sokoni, akampa kipande cha mkate.

Alipoaga, Wakiuru alivaa leso akatoka naye. Kutoka mlangoni mpaka barabara ya lami ni mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na kulikuwa kumenyesha. Mtu wa nyumbani akiondoka anaondoka tu, anaambiwa kwaheri kutoka jikoni. Mgeni husindikizwa mpaka barabarani. Watiri alimsihi arudi, hapa pametosha, maitu, nimefika. Wakiuru akasema mgeni haachwi kwa mlango, akateremka, akiukanyaga ule mguu kwa kisigino, amebeba mfuko wa maparachichi ambao hakukubali kupokelewa. Watiri akafupisha hatua ili mama asihangaike, akaona safari inakuwa ndefu zaidi kwa mguu ule. Akaharakisha ili iishe, mama naye akaharakisha. Hakuna mwendo uliokuwa mzuri.

Barabarani alikabidhiwa mfuko kwa mikono miwili, akaambiwa awasalimie wa mjini. Wakiuru akageuka kupanda. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa yule wa Dubai, anauliza mama yuko wapi siku hizi, mbona kimya, ana hali gani. Watiri, ambaye hajawahi kumwacha msomaji bila jibu, aliirudisha simu mfukoni, kwa sababu hakujua mama yake ana hali gani.

Alipoinua macho, Wakiuru alikuwa amesimama katikati ya mteremko, ameshika nguzo ya ua, mguu mmoja hewani. Hapo Watiri hakufikiri. Akaweka mfuko chini akaanza kumkimbilia, ambebe, amkokote, akasirike akitaka, lakini afike hospitali ya Othaya leo hii.

Wakiuru akasikia hatua. Akashusha mguu, akageuka na uso uliokunjuliwa wa kupokea watu, na akaanza kuteremka tena.

“Umesahau kitu?” akauliza.

Watiri akasimama pale pale. Kila hatua yake ya kupanda ilikuwa inamteremshia mama yake hatua moja juu ya kidonda. Akatikisa kichwa. Akainua mkono, akasema kwa Kiswahili kwamba hapana, hajasahau kitu, asiteremke, tafadhali arudi tu. Wakiuru akamtazama kidogo, akamtakia safari njema, akageuka. Watiri alibaki amesimama kwenye matope, hasogei mbele wala nyuma, mpaka mama yake alipozunguka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa jikoni.