Mwenyekiti Tuliyemkataza Kuondoka

Habari ya kifo chake ilinikuta Masumbwe, kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa changu ikiwa imeshanyolewa. Redio iliyokuwa juu ya rafu ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na mtangazaji akasema kwamba mwenyekiti wa klabu yetu mpya ya soka ya kulipwa amefariki hospitalini kwa kiharusi, na atazikwa kesho yake Ushirombo. Kinyozi akazima mashine. Hakuuliza marehemu aliugua lini wala ameacha watoto wangapi. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaniangalia kupitia kioo na kusema, "Sasa timu ataishika nani?" Ilibidi baada ya muda nimkumbushe kwa upole kwamba upande wa pili wa kichwa bado. Swali lake nilisafiri nalo mpaka Ushirombo, kwa sababu ndilo swali lililomfunga yule mama miaka yake ya mwisho, na mimi ni mmoja wa waliokaza fundo.

Simtaji jina. Wanaomfahamu hawahitaji nilitaje, na hata wachezaji wake hawakuwahi kulitumia. Walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa yeye alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Alikuja upande wa Kahama wakati mgodi wa Buzwagi ukijengwa, mjane mwenye watoto watatu, akaanza kwa kuwapikia vibarua. Nilimfahamu huko, nikiwa mwandishi mchanga ninayetafuta habari za dhahabu na kuishia kwenye sahani ya maharage yake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Ukimsalimu shikamoo aliitika marahaba huku anakutazama usoni, kama anayetaka kujua kweli umeamkaje. Mgodi ulipofungwa alibaki na masufuria makubwa na kazi ya kupika kwenye misiba, harusi na mikutano. Na ni mkutano mmoja wa namna hiyo uliomtoa jikoni.

Klabu yetu ilizaliwa kwa kuunganisha timu mbili zilizokuwa hazipikiki chungu kimoja. Moja ilikuwa ya wachimbaji wadogo na watu wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Nyingine ilikuwa ya wafanyabiashara wa sokoni na madereva wa bodaboda. Kila upande uliona timu moja ya kulipwa ni bora kuliko mbili za mchangani, lakini hakuna upande uliokubali mwenyekiti atoke kwa wenzao. Wajumbe walibishana tangu asubuhi mpaka saa nane. Yeye alikuwa uani, anapakua wali. Mzee mmoja aliyekuwa amechoka kuliko wengine akanyoosha kidole dirishani na kusema, "Yule hana upande. Anatulisha sote." Wakaenda kumwita. Aliingia na aproni yake, upawa mkononi, wajumbe wote wakasimama na kupiga makofi. "Nilidhani wali umepungua," aliniambia baadaye. "Nilianza kuwaomba radhi."

Hakuomba cheo kile, lakini alipokipata alikifanyia kazi. Katika wiki ya kwanza alikuta wachezaji wamewekewa mikataba mezani wasaini haraka, gari linasubiri. Akazuia. Beki mmoja wa kushoto, kijana mkubwa aliyetoka kwenye ng'ombe wa baba yake, alikuwa ameshika kalamu kama anayeshika mpini wa jembe. Mama alimuuliza, "Umeelewa hapa wanasema nini?" Yule beki akacheka kwa aibu. Basi mwenyekiti alimwita katibu, akaamuru mikataba isomwe yote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kisukuma kwa anayetaka. Kazi hiyo ilimaliza siku mbili. Kulikuwa na kifungu kilichomruhusu kiongozi kumwacha mchezaji aliyevunjika mguu bila kumtibu. Mama alisikiliza kikisomwa mara mbili, kisha akasema hiki kitoke, na kikatoka. Ndiyo maana walimwita Mayu. Jina lile lilikuwa zawadi walipolitoa. Hakuna aliyejua kwamba lingekuja kuwa mnyororo.

Msimu wa tatu miguu yake ilianza kuvimba. Daktari mmoja mjini alimpima presha mara tatu kwa mashine mbili tofauti, halafu akamwambia aache kazi inayomkosesha usingizi. Alinitafuta akaniletea barua ya kujiuzulu niitazame lugha. Ilikuwa na mistari michache: anaumwa, amechoka, anaomba wamchague mwingine, anashukuru. Nikashauri tuongeze aya kuhusu mafanikio ya klabu. "Usinipambie," alisema. "Ukiipamba watadhani naringa. Nataka waelewe tu kwamba nimechoka." Alitaka kurudi Ushirombo, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake karibu na misheni, alikokuwa ameanza kujenga nyumba ya vyumba viwili. Alishachagua hata mahali pa kupanda karanga.

Jumamosi ya kikao nilimsindikiza ofisini. Ofisi ya klabu ilikuwa nyumba ya kupanga yenye nondo madirishani na geti la chuma. Sijui nani alivujisha habari. Tulikuwa tumekaa wawili, tunawasubiri wajumbe, tukasikia nyimbo barabarani, na halafu sauti ya mnyororo ukipitishwa getini. Mashabiki walikuwa wamefunga kufuli lao. Kiongozi wao alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mkubwa mpole ambaye ndiye aliyelitengeneza geti lile kwa kujitolea. Mama akaenda dirishani.

"Wanangu, nifungulieni."

Yule fundi akavua kofia. "Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Nifungulieni, baba. Naumwa."

"Tunajua unaumwa, mama. Tutakuuguza sisi wenyewe. Utuambie tu kwamba huondoki."

"Na nikiondoka?"

"Mama hajiuzulu," alisema yule fundi, bila jeuri yoyote, kama mtu anayesema mvua hunyesha toka juu. Wenzake wakalidaka neno hilo na kulifanya wimbo. Walisema kwa adabu, walitupitishia maji ya kunywa kati ya nondo, wakamletea na mto wa kukalia. Ungekuwa ukatili tungejua la kufanya. Tungepiga kelele, tungeita polisi. Lakini utamwitia polisi mtu anayekuletea mto?

Tulikaa humo tangu saa tisa mpaka jua lilipoanza kuwa jekundu. Alikuwa amevua viatu kwa sababu ya uvimbe. Aligeuka akaniuliza, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Msomaji wangu, nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na hilo ndilo ninalotamani niulizwe upya. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na woga kidogo. Nikamwambia, "Waambie wanachotaka kusikia, mama, tutoke." Akaichana barua vipande, akavitia kwenye mkoba. Kisha akaenda dirishani kuwaambia kwamba haondoki. Geti likafunguliwa, wakambeba juujuu mpaka barabara kuu. Mimi nilibaki nyuma nimebeba viatu vyake.

Ningeishia hapo ningekuwa na kosa moja tu. Lakini wiki ile ile niliandika kwenye safu hii, kwa lugha niliyoiona tamu, nikimsifu mwanamke aliyekuwa tayari kupumzika akasikia sauti ya wanawe na kubaki. Maneno ya yule fundi ndiyo niliyoyafanya kichwa cha habari. Wengi wenu mliniandikia mkisema mmetokwa na machozi. Ukurasa ule ulikatwa na kubandikwa ofisini kwa klabu, ukawekewa kioo. Nilipokwenda kumjulia hali alikuwa amekaa chini yake. "Wale walinifungulia kabla jua halijazama," aliniambia. "Wewe umenifungia hapa mpaka lini?" Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anacheka.

Aliishi baada ya hapo misimu miwili. Mara moja alifanikiwa kwenda Ushirombo kuona nyumba yake iliyokuwa imefika usawa wa madirisha. Alikuwa ameaga siku saba. Siku ya tatu wachezaji waligoma kufanya mazoezi kwa sababu kocha amegombana na nahodha, na badala ya viongozi wengine kuwakalisha chini wawili hao, walituma gari likamchukue mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtembelea, nikaona kwa macho yangu. Walimpa dakika chache za kukusanya nguo zake. Alikaa kiti cha nyuma, katikati ya wajumbe wawili wanene, mkoba mapajani, kama mtuhumiwa anayerudishwa rumande. Gari lilipoondoka hakupunga mkono. Fundi wake wa ujenzi aliuliza, "Mama, madirisha tupime ya kiasi gani?" na hakuna aliyesimamisha gari ili ajibu.

Nimejiuliza kwa nini watu wema tulimfanyia vile. Nadhani jibu liko kwenye udongo wetu. Mji wetu umeachwa mara nyingi. Migodi hufunguliwa, watu wakajenga, wakaoa, wakafungua maduka, kisha siku moja migodi hufungwa na wenye magari meupe huondoka. Hata mchimbaji mdogo, dhahabu ikihama kwenye duara lake la kuchimbia, huhama nayo na kuacha shimo. Kwa hiyo tumejifunza kumwogopa mtu anayefunga mizigo. Tulipompata mtu mmoja asiyeondoka tulimng'ang'ania, tukauita woga wetu upendo. Na kwa kuwa tulikuwa naye, hatukuona haja ya kujifunza kazi yake. Katibu hakujifunza kupatanisha, makamu hakujifunza kukataa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulimtazama akiyumba chini ya mzigo, tukasifu mwendo wake.

Kuna jambo lingine linaloniumiza zaidi. Huku kwetu duara likiporomoka na kufukia watu, kila mmoja huacha shughuli zake. Nimeona watu wasiofahamiana wakichimba kwa mikono siku mbili mfululizo, hawali, kwa sababu mmoja amedhani amesikia mtu akigonga mwamba. Hatumuulizi aliyefukiwa kama anastahili. Yule mama alikuwa juu ya ardhi, kwenye mwanga wa mchana, anatuambia kwa Kiswahili safi kwamba anataka kutoka. Tukamwimbia.

Alianguka asubuhi akiwa anaendesha kikao, na siku ya pili yake akafariki. Kule Ushirombo watu walijaa mpaka barabarani, wengi wamevaa jezi. Wasemaji walipokezana kipaza sauti, na kila mmoja alisema kwa fahari kwamba mwenyekiti wetu amefia kazini. Nilihesabu mwanzoni, nikaacha. Nyuma ya turubai ilionekana ile nyumba ya vyumba viwili, imeezekwa nusu.

Baada ya mazishi viongozi wa klabu waliomba kuzungumza na familia. Walikuwa na haraka. Ligi haisubiri msiba. Makamu alieleza kwa maneno mazuri kwamba damu ya Mayu haipaswi kupotea, na kwamba mashabiki wanamwomba binti yake mkubwa, mwalimu wa sekondari, ashike nafasi ya mama. Watu wakaitikia kwa mguno wa kukubali. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka na wadogo zake. Hakusimama.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Mama yangu alituzaa watatu. Ninyi mlimwita mama, na sisi tukakubali kuwaazima, kwa sababu alisema ni msimu mmoja. Mdogo wangu huyu aliolewa mama hayupo, mna mechi. Mimi nilijifungua mama hayupo, mna mechi. Siwalaumu. Lakini nafasi hiyo siitaki, na mkija kuniomba kesho nitasema hivi hivi."

Makamu akafungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema, kwa sababu nimewahi kukiandika. Safari hii nilisimama. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyemshauri marehemu achane barua yake, na mimi ndiye niliyeisifu siku ile mbele ya watu, na kwamba nilikosea mara zote mbili. Yule fundi wa kuchomelea alikuwa amechuchumaa karibu na nguzo ya turubai, macho mekundu. Aliinuka polepole. Nilidhani atanijibu mimi, lakini alimgeukia binti.

"Tumekusikia, dada," alisema. "Pumzika."

Neno hilo tunalijua. Tunalichonga kwenye misalaba na kuliandika kwenye mashada ya maua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia mtu wetu akimwambia kiongozi, au anayetakiwa kuwa kiongozi, naye yu hai na anaweza kulisikia. Binti aliinamisha kichwa akalia, kilio kirefu ambacho hakuwa amekilia hata kaburini, na hakuna aliyemnyamazisha.

Klabu bado haina mwenyekiti ninapoandika haya. Pengine itapoteza mechi kadhaa, na pengine katibu atajifunza kupatanisha. Mimi nimejifunza jambo moja, na nimechelewa kujifunza. Mtu mwema akisema amechoka, usimjibu kwa sifa. Muulize mzigo unashikwa wapi, uushike, kisha umpishe apite.