Torbjørg na Mfalme wa Ndege

Torbjørg Løset aliuogopa mlima. Watu wa kijiji chake, kilichokuwa ghubani chini ya mlima huo, walilijua hilo na hawakumtania, maana chanzo chake walikijua pia. Alipokuwa na miaka saba, theluji iliporomoka kutoka mlimani ikamfukia baba yake pamoja na farasi aliyekuwa akivuta kuni, na hawakupatikana mpaka Mei. Tangu hapo, kila majira ya baridi Torbjørg alilala na soksi za sufu miguuni na viatu kando ya kitanda, tayari kukimbia.

Hakuolewa. Alishonea watu nguo, alifagia nyumba ya sala, na kwa miaka thelathini na miwili aliwafundisha watoto, waliomwita Shangazi, shule ya Jumapili katika nyumba hiyohiyo, iliyojengwa chini ya mlima uleule. Mchungaji alipomuuliza kwa nini haachi, alijibu, "Watoto wako pale. Mimi niende wapi?"

Jumapili moja ya Februari 1956, theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo, kisha upepo ukageuka ukaja na uvuguvugu. Torbjørg hakuupenda upepo ule hata kidogo, maana ndio unaolegeza theluji mlimani. Walikuja watoto watatu tu: Sjur, mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, Eldrid wa miaka tisa, na Oddny, mdogo wake Eldrid, wa miaka mitano. Somo la siku hiyo lilihusu shomoro, jinsi Yesu alivyosema kwamba Baba hamsahau hata mmoja wao.

"Mungu ana kazi, Shangazi!" Sjur alisema. "Ndege wote hao? Mimi kuku wetu sita tu wananichanganya."

"Ndiyo maana hukupewa wewe kazi hiyo," Eldrid akamjibu.

Torbjørg alikuwa anataka kucheka alipousikia mlima. Mngurumo ulianzia mbali, kama mapipa yanayoviringishwa darini, ukakua mpaka sakafu ikatetemeka. Vioo vya upande wa mlimani vikapasuka kwa mpigo. Theluji ikamwagika ndani pamoja na matawi ya misonobari, ikaziba mlango wa mbele. Kisha kimya.

"Jikoni!" Torbjørg alipaza sauti. "Wote, jikoni, upesi!"

Jiko lilikuwa upande wa ghuba. Hakukuwa na mlango wa kutokea huko, dirisha tu, na chini ya dirisha palikuwa na mwamba uliokwenda wima hadi majini. Akawasukuma watoto chini ya meza nene ya mbao, akamfunga Oddny shali yake mwenyewe.

"Makoti yetu yamebaki ukumbini," Sjur alisema. "Nayafuata mara moja."

"Thubutu!"

"Hatua kumi tu, Shangazi."

"Nimesema usithubutu! Ukitoka hapa nitakukalia, na unaniona nilivyo mnene."

Sjur akanywea. Hapo Eldrid akafungua viganja vyake. "Shangazi, huyu aliingia na theluji. Bado anapumua."

Alikuwa yule ndege mdogo kuliko wote msituni, wa kijani kibichi, mwenye mstari wa manjano utosini kama taji, ambaye watu wa kule humwita mfalme wa ndege. Mwili wake wote ulienea kwenye kiganja cha mtoto.

"Hana uzito kabisa," Eldrid alinong'ona. "Moyo wake unakwenda mbio."

"Na wangu pia," alisema Torbjørg. Hakuwahi kuwaambia watoto jambo kama hilo.

Mlima ukanguruma tena. Safari hii Torbjørg alijitupa juu ya watoto, akasikia mbao zikivunjika, paa likilia, na Oddny akipiga kelele kifuani mwake. Ukuta wa jikoni ulipinda kuja ndani, ukasimama. Vumbi la theluji lilipotulia, palipokuwa ukumbi palikuwa peupe tupu. Sjur alipatazama pale makoti yalipokuwa, akaanza kulia bila sauti. Torbjørg akamvuta karibu.

Walikaa hivyo labda saa nzima, wakisikiliza. Sjur alifunga kitambaa chekundu cha meza dirishani ili waonekane kutoka ng'ambo ya ghuba. Eldrid alimpulizia ndege pumzi ya moto, akamweka ndani ya blauzi yake. Halafu akamtoa.

"Amekufa."

Akamwinulia Torbjørg kiganja.

"Shangazi, ulisema Mungu hamsahau hata mmoja. Sasa huyu?"

Torbjørg alilijua swali hilo. Alikuwa amelibeba tangu akiwa na miaka saba, na alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mtu.

"Yesu hakusema kwamba hawaanguki," alisema polepole. "Huanguka. Alisema Baba yupo wanapoanguka. Baba yangu alifukiwa huko juu, Eldrid. Miaka yote nimeogopa kwamba alikuwa peke yake." Akaweka kiganja chake chini ya mkono wa Eldrid. "Nadhani hakuwa peke yake. Nadhani alishikwa, kama ulivyomshika huyu."

"Na sisi?" Oddny aliuliza kutoka ndani ya shali.

"Na sisi tumeshikwa. Mimi bado naogopa, lakini tumeshikwa."

Ndipo wakasikia makasia, na sauti ya Oddgeir mvuvi, baba yake Eldrid na Oddny, ikipanda kutoka majini: "Torbjørg! We Torbjørg! Mko hai huko?"

"Wote wanne!" alijibu, akaangua kilio.

Oddgeir alirusha ngazi ya kamba hadi dirishani, wakaifunga kwenye meza, wakashuka mashuani mmoja mmoja. Eldrid alikataa kumwacha ndege. Walimhifadhi kwenye theluji, wakamzika mwezi Aprili, ardhi ilipolainika, nyuma ya duka la kina Sjur, watoto wakiimba.

Nyumba ya sala ilijengwa upya ng'ambo ya ghuba, mbali na mlima, na Torbjørg akafundisha humo miaka kumi na mitano zaidi. Hofu haikumtoka, upepo ukigeuka alinyamaza katikati ya somo. Lakini mtoto mgeni alipomuuliza kama kweli Mungu huwaona ndege wote, hakukimbilia kumjibu. Alimshika mkono, wakaenda dirishani kuwatazama kwanza.