Vigoda Ndani ya Utumbo wa Nembris

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara, mzee mmoja Mchaga asiyependa maneno mengi, alinikalisha kwenye hadubini nitazame utumbo mwembamba wenye afya. Niliona ukingo kama manyoya ya brashi. Akanieleza kuwa ni vinyweleo vya seli, vinavyofyonza chakula, akaniagiza niukariri ukingo huo.

Miaka ilipita. Nikahamishiwa hospitali nyingine mjini Arusha, kitengo cha patholojia, tunakochunguza vipande vya mwili. Ndipo akaletwa Nembris, mtoto mchanga wa Levolosi, akiharisha mfululizo hadi macho yakazama. Daktari bingwa wetu alimkata kipande kidogo cha utumbo kwa mrija laini wenye kamera, ulioingizwa kupitia mdomoni, kikapelekwa kwenye hadubini ya elektroni, maana yetu isingeona vya kutosha.

Picha iliporudi niliutafuta ule ukingo. Vinyweleo vimefutika kabisa. Mahali pake seli zimeinua vigoda vya nyama, na juu ya kila kigoda amekaa bakteria.

Bingwa alitueleza kwamba hao ni aina ya E. koli wenye kitu kama sindano. Huichoma seli na kuingiza protini zao. Moja hujipachika kwenye utando wa seli, ikawa kishikio cha bakteria huyohuyo. Kisha nyuzi zinazoipa seli umbo hupangwa upya.

"Na vigoda anajenga nani?" nilimuuliza.

"Seli yenyewe. Imeamrishwa."



Mama Nembris alikuwa akijilaumu, akidhani maziwa yake ndiyo mabaya. Nikaenda wodini kumweleza. Alisikiliza, akamtazama mwanawe.

"Kwa hiyo mwili wake umewakaribisha?"

"Hapana, mama. Umelazimishwa."

Nikamwambia pia jambo jema: seli za utumbo hazidumu, hubanduka zikaota mpya. Kazi yetu ilikuwa kumrudishia maji na chumvi ili awahi kuziotesha. Aliwahi. Alitoka wodini akinyonya kwa fujo.

Sasa nimestaafu, niko Akheri na migomba yangu. Vijana wa maabara wakija huniuliza ni ugonjwa gani ulionitisha zaidi, nao hutegemea nitaje kipindupindu. Nimeona nyama iliyooza na iliyoliwa, nikazoea. Lakini ile seli ilikuwa hai, ina nguvu, inafanya kazi kwa bidii, na inamfanyia kazi anayemuua mtoto. Hiyo sijaizoea mpaka leo.