Dashibodi ya Maduka Matatu

Mimi ndiye niliyemshawishi kaka yetu mkubwa kwamba maduka aliyotuachia baba yanahitaji dashibodi, ukurasa mmoja wa kompyuta wa kuonyesha mauzo yote. Maduka ni matatu, yote ya vifaa vya ujenzi. La Bagamoyo mjini analo kaka mwenyewe, la Mapinga ninalo mimi, na la Zinga analo dada yetu, ambaye pia ndiye anayekaa na mama. Mama alipatwa na kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo hageuki kitandani bila mkono wa mtu. Mimi na dada tulikubaliana kugawana zamu, usiku wake na mchana wangu. Kaka aliambiwa, akatushukuru, akajua hilo limekwisha.

Dashibodi ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa kichekesho. Michoro kila pembe, miduara, mishale, rangi kama pipi za harusini. Kaka aliitazama akauliza, "Sasa hapa mimi nifanye nini?" Niliudhika, lakini alisema kweli. Mtu wa duka hataki pambo, anataka atupe jicho mara moja ajue tatizo liko wapi. Nikafuta karibu kila kitu. Nikabakiza mistari mitatu, kila duka na wake, ikionyesha mauzo saa kwa saa. Saa yenye risiti inawaka kijani, saa isiyotoka hata risiti moja inawaka nyekundu. Nikaijaribu kwa mauzo ya duka langu tu, ikapendeza. Wallahi, nilijiona fundi.

Na kazi ile ikanipa kisingizio. Dada akipiga simu, "Mdogo wangu, mchana umefika, zamu yako," namjibu, "Dada, nipo kwenye dashibodi, kaka anaisubiri." Mungu anisamehe. Nilikuwa naogopa kumwogesha mama. Mara ya mwisho nilipomvua nguo alifumba macho kwa aibu, nami nikatoka nje nikijifanya napokea simu. Baada ya hapo kila nikienda mjini nilipita Zinga bila kusimama. Dada hakunisema kwa mtu. Hana msaidizi dukani kama mimi, basi alikuwa anafunga adhuhuri, anarudi nyumbani kwa mama, anafungua tena jioni.

Njia ya mwongo fupi. Siku ya kuizindua, kaka alituita dukani kwake mchana, akatundika televisheni ukutani, na vijana wake wote wakakusanyika. Nikawasha, kwa mara ya kwanza na mauzo ya maduka yote matatu. Mjini kijani, Mapinga kijani. Zinga ilikuwa na pengo jekundu katikati ya kila siku, pana, halina pa kujificha. Loh! Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ndivyo nilivyokuwa nimeitengeneza.

"Zinga mchana kuna nini?" kaka akauliza.

Dada alivuta mtandio wake vizuri. "Mchana nalala, kaka."

Vijana wakacheka. Kaka hakucheka. "Duka la marehemu baba unalilalia? Basi tulifunge, tupangishe watu walio macho."

Duka lile ndilo chakula chake. Mume hana, mtoto wa kumtegemea hana. Akajibu tu, "Wewe ndiye mkubwa." Wala hakunitupia jicho. Alikuwa ananisitiri mbele ya watu, huku riziki yake inaondoka, na mimi nimekaa na rimoti mkononi. Ningependa kusema kwamba nilisimama palepale. Sikusimama. Nilikuwa napima kama mambo yatapita bila mimi kutajwa. Kaka alikwisha kunyoosha mkono, dada alikwisha kutoa funguo za duka mkobani, ndipo sauti ikanitoka.

"Hasinzii huyu. Anakwenda kumhudumia mama. Zamu ni zangu, na mimi siendi."

Kaka alinitazama, kisha akalitazama lile pengo jekundu. "Tangu lini?"

"Tangu nianze hiyo," nikasema, nikiionyesha televisheni.

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Lakini alimgeukia dada. "Na sasa hivi mama yuko na nani?"

"Jirani alisema angekaa naye kidogo tu, ana mambo yake. Saa hizi keshaondoka. Si mmeniita kikaoni?"

Hakuna aliyecheka tena. Nikanyanyuka, nikasema nakwenda mimi, nakwenda sasa hivi. Nilikuwa nimefika mlangoni dada aliponiita, kwa upole, kila mtu akisikia.

"Nguo zake safi siku hizi haziko kabatini, ziko kwenye kapu uvunguni. Maji uyapashe kidogo. Na usimlaze ubavu wa kushoto, ana kidonda."

Nilisimama pale nikimsikiliza, kwa sababu nilikuwa sijui hata kimoja.