Mama na Theluji ya Mwezi wa Saba

Mpaka leo nikiona jua linavyochoma mawe ya hapa kwetu Igogo, Mwanza, nashukuru, maana nimeshakutana na jua lisiloweza kukausha hata leso.

Dada yangu ameolewa Lesotho, huko milimani, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu binti akijifungua, mama yake mzazi ndiye anayemkanda kwa maji ya moto. Hamwachii mtu mwingine. Mama akasema atakwenda, na mimi nimsindikize kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo ya simu. Basi nikafungua simu tuangalie hali ya hewa ya huko. Ikaonyesha picha ya jua, wiki nzima jua tupu. Namba za pembeni nani alizisoma? Kwetu mwezi wa saba ni kiangazi, na jua ni jua. Jirani alitaka kutuazima koti zito la mtumba, mama akamwambia, "Mwenzangu, unataka nikafe na joto?" Begi likajaa dagaa, vitenge na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha.

Tulipofika Lesotho, jua lilikuwa linawaka kweli, ila meno yangu yaligongana mpaka nikashindwa kusalimia. Shemeji, ambaye aliwahi kufanya kazi Mwanza na Kiswahili chake ni cha kuombea maji, alitupokea na mablanketi mawili mazito.

"Shikamoo, mama. Vaa."

"Marahaba, mkwe wangu. Nivae blanketi barabarani? Kwetu anayetembea na blanketi anapelekwa hospitali."

Mama akatazama pembeni. Wanawake, wanaume, hata mzee mmoja juu ya farasi, wote wamejifunga mablanketi, wamebana na pini kubwa kifuani.

"Kumbe wagonjwa ni wengi," mama akaninong'oneza, na yeye akajifunga lake.

Tukaanza safari na gari la shemeji. Kwenye mji mdogo chini ya mlima polisi akatusimamisha. Huko juu theluji imeanguka, barabara imefungwa, magari yanateleza. Tukapanga chumba hapo hapo. Jioni dada akapiga simu, uchungu umeanza.

"Mama, uko wapi?"

"Niko karibu, mwanangu. Milima yenu naiona."

Ilikuwa kweli, aliiona. Alikaa dirishani akiiangalia, chai ikapoa mkononi.

Mimi theluji nimeiota tangu utoto. Krismasi nilikuwa nabandika pamba kwenye matawi nikijiambia iko siku. Sasa ilikuwa mbele yangu, nyeupe mlima mzima, kama muhogo ulioanikwa juu ya mawe. Na nilichotamani ni watu watoke na matenga waianue, kama tunavyoanua muhogo mvua ikitishia, mama yangu apite.

Asubuhi jua likatoka, lile lile lisilo na joto, lakini barabara ikaanza kuchuruzika maji. Greda likapanda, likasukuma theluji pembeni, nyuma yake watu wanamwaga mchanga. Polisi akatupungia mkono tupite. Shemeji aliendesha kama amebeba trei za mayai. Kwenye kona moja gari likacheza, mama akamshika bega.

"Taratibu, baba. Nataka kufika, siyo kutangazwa redioni."

Tulifika kituo cha afya dada ameshajifungua alfajiri, mtoto wa kike, wote wazima. Mama alisimama mlangoni kidogo. Nilijua anahesabu alichokikosa. Dada akasema, "Wanawake wa huku walitaka kunikanda. Nimekataa, nakusubiri wewe."

"Maji yako wapi?" mama akauliza.

Nesi akatuletea ndoo inayotoa moshi. Mama akachovya kitambaa, akakamua, akaanza kazi.

"Mama, unaniunguza."

"Nyamaza. Unajua nimetokea wapi?"

Dada akacheka huku analia. Nikatoka nje mara moja, nikachota theluji yangu kiganjani. Ikayeyuka kabla sijaichoka, nikakimbilia ndani vidole vikiuma. Blanketi la mama lilikuwa sakafuni, mikono ya gauni ameikunja, jasho linamtiririka kama yuko sokoni Mwanza saa nane mchana.

"Fungua dirisha," akaniambia, "humu ndani kuna joto."

Sikufungua.