Mama Kidoti na Mwalimu wa Simuni

Asubuhi, kabla mvuke haujajaa dukani, ungemkuta Mama Kidoti kwa dobi akipiga pasi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unacheza hewani. Unagusa kidevu, unashuka kifuani, unakunjwa, unafunguka. Mteja mgeni angedhani anafukuza nzi. Bibi Madoa alijua si nzi. Huyu alikuwa mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kutoa madoa kwenye nguo kabla hazijaingia majini, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko dawa zake.

"Leo unaagana na mashati au unayaapiza?"

"Nasema 'maji ya kuoga yako tayari', bibi."

"Mimi nimeshaoga. Angalia hiyo pasi, mwanangu. Ukiunguza kola ya watu, bosi atatuogesha sote wawili."

Wakacheka. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la wanga, kioo chake kina ufa wa kona hadi kona, na nyuma ya ufa huo mwalimu mmoja mwanamke, nywele amezibana nyuma, alikuwa anatabasamu na kurudia alama ile ile polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Mtoto mwenyewe aliyehangaikiwa hivyo alikuwa bwenini, mbali, safari ya saa kadhaa kwa basi. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema "mama" na "nipe" alipopata homa kali. Homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake, na yale maneno mawili nayo yakafifia, likaanza "nipe", likafuata "mama". Baba yake ni dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuonekana kwa nadra na kwa furaha kubwa, kwa hiyo kimya cha nyumba ile kiliwaangukia wawili, mama na binti. Mtoto alinyoosha kidole, mama akakimbilia kitu. Alivuta gauni, mama akageuka. Maisha yakaenda hivyo, ya kuonyeshana na kuvutana, hadi umri wa shule ukafika.

Siku ya kumpeleka shule ya viziwi, matroni wa bweni, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimshika Mama Kidoti begani.

"Usilie mbele yake, mama. Akirudi likizo atakuwa na maneno mengi. Wewe tafuta namna ya kuyapokea."

Shule ilikuwa na mafunzo ya wazazi, kila Jumamosi, hapo hapo shuleni. Lakini Jumamosi kwa dobi ndiyo siku ambayo watu wote hukumbuka kwamba kesho wana sherehe au ibada. Alipomwomba bosi ruhusa, bosi hakunyanyua hata uso kutoka kwenye hanga alizokuwa anazipanga.

"Jumamosi ukienda, Jumatatu usijisumbue kuja."

Basi akageukia simu. Watu walikuwa wanasema siku hizi kila kitu kinafundishwa mtandaoni, mpaka kufuga kuku na kutengeneza keki. Somo la kwanza alilolipata nusura limkatishe tamaa moja kwa moja. Mwalimu alikuwa mwanamume mwenye tai, anaongea Kiingereza mbio mbio kama anayefukuzwa, maandishi yanapita chini kabla hujayashika, na kila picha ilipoanza kueleweka mtandao ulikwama, mwalimu akabaki ameganda, mdomo wazi. Mama Kidoti, ambaye shule aliishia ya msingi, alizima simu akajisikia vile alivyokuwa akijisikia darasani zamani alipoulizwa swali na darasa zima likageuka kumtazama.

Ndipo akampata yule wa nywele za kubana. Huyu hakusema neno. Ilitokea picha ya maji, kisha mkono wake. Picha ya kitanda, kisha mkono. Picha ya mtoto anayelia, kisha mikono miwili na uso wa huruma. Hakukuwa na Kiingereza cha kumwaibisha mtu. Ukikosea, unarudia, hakuna anayecheka. Ukimaliza somo, simu inapiga makofi na nyota zinadondoka juu ya kioo kama maua ya arusi. Bando likiwa dogo, somo linakuja vilevile, halikwami. Siku moja aliandika kwa Kiswahili chini ya somo, "Asante mwalimu wangu, Mungu akubariki," na mwalimu, au yeyote aliyekuwa huko, akamjibu kwa moyo mwekundu. Alimwonyesha Bibi Madoa moyo ule kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Ananijua, bibi."

"Anakujua wapi? Anajua unaunguza kola?"

"Mwalimu akimpenda mwanafunzi anamjua tu."

Kila mwisho wa somo simu ilimwuliza kama ameridhika, akabonyeza uso unaocheka bila hata kufikiri. Na kweli aliridhika. Tangu ameolewa, tangu amezaa, hapakuwa na kitu alichokianza akakiona kinasonga mbele kila siku. Alikuwa anatembea kwenda kazini mikono inamnong'onea. Alikuwa anamwaga maji ya kufulia, anasema "maji". Anazima taa, anasema "lala". Shuleni hakusema kitu. Alitaka iwe zawadi.

Siku ya kufunga shule alivaa gauni lililonyooshwa mpaka linang'aa, akaenda kusimama kituoni na wazazi wengine. Basi lilipofika, watoto walishuka mikono ikiruka huku na huku, kituo kizima kikajaa mazungumzo yasiyo na sauti. Kidoti alishuka na begi kubwa kuliko mgongo wake. Alikuwa amerefuka. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameanguka.

Mama Kidoti hakumkumbatia kwanza. Alijizuia. Alisimama sawasawa, akanyanyua mikono, akasema yale aliyokuwa ameyafanyia mazoezi juu ya mashati ya watu wote wale: Karibu nyumbani. Mama alikuwa na hamu nawe sana.

Mtoto alitazama mikono ile. Kisha akageuka nyuma, kuona mama anaongea na nani.

Akarudia. Kidoti akacheka, pengo likaonekana, naye akatikisa vidole vyake ovyo hewani kumwigiza, kama watoto wanavyoigiza mtu anayecheza ngoma vibaya. Kisha akamrukia kiunoni. Matroni alikuwa upande wa pili wa basi akiita majina na kutafuta begi lililopotea, hakuona kitu.

Nyumbani Mama Kidoti alijaribu tena. Maji. Kula. Lala. Kila mara mtoto alikunja uso, akatikisa kichwa, akamshika vidole na kuvipanga upya. Mwishowe akamwekea ile simu. Kidoti alimtazama mwalimu wa nywele za kubana kwa makini, kichwa upande, jinsi unavyomtazama mgeni anayepita na mavazi usiyoyajua. Akainua mabega. Akaisukuma simu pembeni.

Bibi Madoa alikuwa amekuja kumsalimia mtoto. "Labda amesahau," alisema. "Labda huko bwenini hawasomi, wanacheza tu."

Mama Kidoti akampigia matroni, sauti imeshajaa hasira kwa niaba ya mtoto wake, akamsimulia yote, kuanzia yule mwalimu wa tai. Matroni alisikiliza hadi mwisho. Akauliza mwalimu huyo anaonyeshaje "mama", anaonyeshaje "maji". Alipoelezwa, alishusha pumzi.

"Mama Kidoti, pole. Hizo ni alama za nchi nyingine. Viziwi wa huko ndivyo wanavyoongea. Wetu wana zao."

"Za nchi nyingine vipi? Si ni mikono tu?"

"Ni lugha, mama. Kama ulivyo wewe na huyo mwalimu wa tai uliyenisimulia."

Alikaa chini, simu bado sikioni. Nani angedhani? Yeye alijua kucheka ni kucheka popote, na kulia ni kulia. Alijua mtoto mchanga wa taifa lolote akinyoosha mikono, anataka kubebwa. Mwalimu hakumdanganya. Alifundisha vizuri, kwa moyo, pengine kuliko walimu wote aliowahi kukaa mbele yao, na kila kitu alichofundisha kilikuwa kweli, huko kwake.

"Mwache Kidoti akufundishe," matroni alisema. "Watoto ni walimu wazuri."

Wakajaribu. Jioni, mama akitoka kazini, walikaa mkekani magoti yakigusana. Lakini mikono iliyozoea ina ukaidi wake. Kidoti akionyesha "maji", mkono wa mama ulikuwa umeshafika kidevuni, kwenye maji ya yule mwalimu wa simuni. Mtoto alicheka siku za mwanzo. Baadaye akawa anafumba macho na kusubiri, kama mtu mzima aliyechoka. Halafu akaanza kurudia kunyoosha kidole na kuvuta gauni, na kule kumhurumia ndiko kulikomuumiza mama kuliko kicheko.

Jioni moja walikuwa wanakula. Kidoti aliacha kijiko. Akafuta vidole kwenye gauni lake, akamtazama mama, akaanza kusema. Yalikuwa maneno marefu. Mikono ilionyesha chini, ikajigusa kifuani, ikaenda mbali ikasimama, ikarudi, na macho yake yalikuwa makubwa na yamejaa kitu. Mama Kidoti alishika neno moja tu, "mama". Aliona mtoto ameegemea mbele, anasubiri, pumzi ameishika. Na hakuweza. Hakuweza kutikisa kichwa tena, kuuona tena uso ule unafungwa kama dirisha.

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Kidoti hakuamini. Akasema upya, yote, polepole zaidi. Mama akaitikia tena, kwa tabasamu, ndiyo, ndiyo, akafungua mikono. Mtoto alirukia mezani, bakuli likapinduka, akamkumbatia shingo mpaka akakohoa. Usiku ule alilala mkono mmoja umeshika upindo wa gauni la mama yake. Kesho yake kazini Mama Kidoti aliimba.

"Mmeelewana?" Bibi Madoa aliuliza.

"Tumeanza, bibi. Jana ameniambia kitu, nimemjibu, amefurahi! Ungemwona."

"Amekwambia nini?"

Pasi ilisimama kidogo juu ya suruali. "Mambo ya watoto," alisema.

Siku ya kurudi shule ikafika. Alipanga nguo kwenye begi. Kidoti akazitoa, moja moja, akizirudisha kabatini, akimtikisia mama kidole kwa utani kama anayemkumbusha amesahau. Mama akacheka, akazipanga tena. Mara ya pili mtoto hakucheka. Alipoona anavishwa viatu vya shule alisimama tu, mikono imening'inia, akijiacha avishwe kama nguo inayotundikwa.

Kituoni alipomwona matroni, alimkimbilia. Mikono yake ilikuwa inapiga hewa kwa kasi, inamnyooshea mama, inarudi kifuani, inamnyooshea tena. Matroni aliinama akamtazama hadi alipomaliza. Kisha akaja taratibu.

"Mama Kidoti. Ulimwambia harudi shule?"

"Mimi? Lini?"

"Anasema alikuuliza mkiwa mnakula. Alikuuliza hivi, 'Mama, nikae hapa na wewe siku zote, nisirudi kulala kule?' Ukasema ndiyo. Anasema hakuamini, akakuuliza tena, ukasema ndiyo tena, ukamkumbatia."

Watu walikuwa wanapandisha mabegi. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Mwambie sikuelewa," Mama Kidoti alisema. "Tafadhali, mwambie mama hakuelewa."

Matroni akapiga magoti, akamwambia. Mtoto alifuatilia mikono ile neno kwa neno. Kwa mtu mnene kama yule ilikuwa myepesi, na Mama Kidoti aliitazama kwa wivu ambao hakuwahi kuwa nao kwa mwanamke yeyote. Kidoti akamgeukia mama. Akasema kitu kifupi.

Matroni akasimama, akalichukua begi la mtoto.

"Amesema nini?"

"Mama, twende tumpandishe kwanza."

"Matroni. Amesema nini?"

"Anauliza, kama hukuelewa, kwa nini ulisema ndiyo?"

Mama Kidoti alifungua mdomo, akakumbuka kwamba mdomo haufai kitu. Alinyanyua mikono. Ilibaki pale mbele yake, imejaa maneno ya watu wa nchi nyingine, haina hata moja la kumjibu mtoto huyu. Matroni alisubiri atafsiri jibu, mkono begani kwa mtoto. Honi ikapigwa.

Kidoti alipanda mwenyewe, bila kuvutwa. Alikaa dirishani, upande wa mama yake. Mama Kidoti alisogea hadi akagusa kioo, akakigonga kwa vidole, halafu akakumbuka kwamba kugonga nako hakufai, akapunga, akapunga sana, mpaka uso wa mtoto ukageuka ukamtazama.

Watoto wengine wote dirishani walikuwa wanawaaga wazazi wao, vidole vinakimbizana kwenye vioo. Kidoti alimtazama mama yake kwa muda mrefu, wala si kwa chuki. Kisha akainua mapaja kidogo, akaingiza mikono yake miwili chini yake, akaikalia. Basi likaondoka.